Kuishi kwa Kalamu Ukiwa Migwani

Kama unaishi Migwani na umeamua kwamba uandishi ndio utakaokulisha, usianze kwa kununua kompyuta wala kwa kujisajili kwenye mitandao ya kazi. Anza kwa kujua ni nani aliye tayari kutoa pesa kwa maandishi, anayatakia nini, na kwa nini ayachukue kwako badala ya kumpa mtu wa Nairobi au mashine. Majibu ya maswali hayo yamebadilika sana tangu mwaka 2022, na ushauri mwingi unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp bado ni wa enzi iliyopita.

Enzi hiyo unaijua. Kijana alimaliza chuo, akakosa ajira, rafiki akamwonyesha namna ya kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha na tasnifu zao. Wengine walikodisha akaunti za watu na kugawana mapato. Kenya ikawa mojawapo ya vituo vikuu vya kazi hiyo duniani, hata Profesa Patricia Kingori wa Chuo Kikuu cha Oxford, mzaliwa wa Kenya, akaifuatilia katika filamu ya The Shadow Scholars iliyotoka mwaka 2024. Usiingie huko. Mwaka 2022 Uingereza ilipitisha sheria inayofanya biashara ya kuwauzia wanafunzi wa England insha kuwa kosa la jinai, na mwezi Novemba mwaka huohuo ChatGPT ikatoka, mwanafunzi akapata bure kile alichokuwa akikulipa. Hata pasingekuwa na hayo yote, kazi yenyewe ni udanganyifu: mtu anapewa shahada ya masomo asiyosoma, kisha anakwenda kuwahudumia wagonjwa au kufundisha watoto. Na wewe uliyeandika huna jina. Miaka mitano ya kuandika insha za wengine haikuachii hata ukurasa mmoja wa kumwonyesha mhariri.

Tahadhari hiyohiyo itumie kwa kazi yoyote ya mtandaoni inayokutaka uwe mmoja kati ya maelfu wasiojulikana. Jukwaa la kazi za mtandaoni la Remotasks lilipofunga shughuli zake nchini Kenya Machi 2024, waliokuwa wakilitegemea waliachwa mikono mitupu. Mafunzo ya serikali ya Ajira Digital ni ya bure na yatakusaidia kujua matumizi ya zana na namna ya kujiuza, nenda ukayachukue. Lakini cheti chake peke yake hakileti mteja.

Sasa tazama ulicho nacho. Mashine inaweza kuandika maneno 1,000 kuhusu ukame kabla hujamaliza kikombe cha chai. Haiwezi kwenda mtoni. Inaweza kusema kwamba mvua ya kutegemewa Ukambani ni ile ya Oktoba hadi Desemba, lakini haijui kama mwaka huu ilinyesha Nguutani ikaruka Kyome. Wala haijui mama aliyepanda ndengu mara mbili baada ya mbegu ya kwanza kukauka anasema nini, na anasemaje. Hicho ndicho unachouza. Mwandishi wa Nairobi akitaka kukipata atalipa nauli, atalala Mwingi, atatafuta mtu wa kumtafsiria Kikamba, na bado hatajua chifu yupi anapokea simu.

Kwa hiyo chagua mambo mawili tu, uyajue kuliko mwandishi mwingine yeyote nchini. Kitui ina mengi ya kuchagua. Mabwawa ya mchanga, kwa mfano, yanaifanya kaunti hii itajwe na wataalamu wa maji duniani kote: ukuta unajengwa kukatiza mto wa msimu, mafuriko yanaleta mchanga unaojaa nyuma ya ukuta, na maji yanajificha ndani ya mchanga huo ambapo jua haliyafikii. Shirika la SASOL na jamii za hapa wamejenga mamia ya kuta hizo tangu miaka ya 1990. Ni zipi zinazofanya kazi leo? Nani anazikarabati? Wavuna mchanga wamefanya nini? Mtu anayeweza kujibu maswali hayo kwa kutaja mito na vikundi atapigiwa simu. Au chukua mti wa mukau, ambao taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, imeufanyia kazi kwa miaka mingi Kitui. Au ndengu, au asali ya Mwingi, au barabara ya lami inayotoka Kibwezi kupitia Mutomo, Kitui na Kabati hadi Migwani na Mbondoni, na jinsi inavyobadilisha bei ya mazao. Ukiwa upande wa Makueni, kuna maembe na kiwanda cha Kalamba. Soma taarifa za kila mwezi za mamlaka ya kukabiliana na ukame, NDMA, ambazo hutolewa kaunti kwa kaunti. Soma bajeti ya kaunti. Hudhuria vikao vya kamati ya maji na mabaraza ya chifu hata siku usiyo na kazi ya kuandika. Weka daftari lenye majina, namba za simu na tarehe.

Mlango wa kwanza wa kuuzia maarifa hayo ni magazeti. Sitakudanganya: malipo yake ni madogo. Mwandishi wa kujitegemea wa kaunti hulipwa kwa habari iliyochapishwa, si kwa siku aliyozunguka, na habari ikikatwa au kuwekwa kando amepoteza nauli yake. Hata hivyo nenda, kwa sababu ukurasa wa gazeti wenye jina lako ndio utakaokufungulia milango mingine yenye pesa. Taifa Leo inachapisha kila siku kwa Kiswahili, na Kiswahili chako cha Kitui kikiwa safi ni faida. Tafuta kibali cha Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya, ambalo husajili pia waandishi wa kujitegemea. Bila kadi hiyo utazuiwa kwenye mikutano mingi ya kaunti.

Mhariri hasomi barua ndefu. Anataka kujua una nini, umezungumza na nani, na utaleta lini. Barua yako iwe kama hii:

“Mhariri, salamu. Karibu na Migwani kuna kikundi cha akina mama ambao msimu huu wote hawajanunua maji, ilhali majirani zao ng'ambo ya mto wananunua kila mtungi. Wanateka kwenye bwawa la mchanga walilojenga wenyewe. Nimezungumza na mwenyekiti wao, na afisa wa maji wa wadi amekubali nimhoji Jumatatu. Nina picha sita nilizopiga mwenyewe. Naweza kukuletea maneno 900 ifikapo Alhamisi, ili yatumike kabla ya Siku ya Maji Duniani, tarehe 22 Machi.”

Angalia kilichomo. Kuna watu, kuna tofauti inayoonekana kwa macho, kuna afisa wa serikali atakayejibu, kuna picha, kuna idadi ya maneno na siku ya kuwasilisha. Tarehe ya 22 Machi imewekwa kwa makusudi, kwani wahariri hutafuta makala ya kuambatana na siku maalumu. Tarehe 20 Mei ni Siku ya Nyuki, na tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani. Mvua ya Oktoba iandikie Septemba, na mavuno ya ndengu yatayarishie barua mwezi Desemba. Usipojibiwa kwa wiki moja, kumbusha mara moja kwa adabu, kisha peleka kwingine.

Jambo moja kuhusu bahasha. Kwenye mikutano ya wanasiasa utapewa “nauli”, na uchaguzi wa 2027 unapokaribia zitakuwa nyingi. Ukipokea, watu wote waliokuona wanajua habari yako imenunuliwa, na Migwani ni mji mdogo. Ukitaka kumwandikia mwanasiasa hotuba kwa malipo, ni kazi halali. Ifanye kwa mkataba, na usiandike habari zake gazetini kwa kipindi chote hicho.

Mlango wa pili ndio wenye chakula: mashirika. Katika kaunti hii yapo makanisa yenye miradi ya maendeleo, kama Caritas ya Dayosisi ya Katoliki ya Kitui, vyama vya ushirika, taasisi za utafiti, saccos, shule, na kampuni zinazouza mbegu au sola. Wote hawa wanahitaji ripoti za mwaka, masimulizi ya wanufaika, vipeperushi, mapendekezo ya miradi, maelezo ya tovuti. Mara nyingi kazi hiyo humwangukia afisa wa mradi asiyependa kuandika, akiikamilisha usiku wa kuamkia siku ya mwisho. Mtafute huyo. Usimwambie unajua kuandika. Mpelekee ukurasa mmoja uliouandika upya kutoka kwenye ripoti yao ya zamani, na umwonyeshe ulivyoifupisha ikaeleweka. Ila usimtegemee mteja mmoja. Mwaka 2025 Marekani ilipoivunja USAID, mashirika mengi nchini yalipoteza bajeti kwa ghafla, na wa kwanza kukatwa ni watu wa mkataba mfupi.

Mlango wa tatu wengi wanaupita bila kuuona, nao ni Kikamba. Watafiti wa afya na kilimo wanaokuja Kitui na Makueni lazima wawaeleze washiriki kwa lugha wanayoielewa kabla ya kuwaomba idhini. Fomu hizo hutafsiriwa, kisha mtu mwingine huzirudisha kwenye lugha ya kwanza ili kuhakikisha maana haikupotea. Hapo kuna kazi za watu wawili. Mtafsiri wa Kikamba asiyeweka alama juu ya ĩ na ũ hupeleka kazi nusu, na mhakiki ataona. Jifunze tahajia sawasawa, weka kibodi inayotoa herufi hizo, na andika viwango vyako kwa neno. Redio nazo, kama Musyi FM na Mbaitu FM, hutangaza kwa Kikamba, na wenye matangazo ya biashara wanahitaji mtu wa kuwaandikia sekunde 30 zinazosikika kama mazungumzo ya sokoni. Mwenye duka la pembejeo Mwingi hajui kuandika tangazo, wewe unajua.

Safari moja iliyopangwa vizuri hulisha milango yote mitatu. Ukienda kuwaona wakulima wa ndengu Thitani, rudi na makala ya gazeti, masimulizi mawili ya ushirika wao, na tangazo la redio la muuza mbegu, kila mmoja akiwa amejua na kukubali, na kila andiko likiwa limeandikwa upya. Waeleze wakulima pia utatumia wapi maneno na picha zao. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inadai idhini, na kwa picha ya mtoto idhini ya mzazi. Iandike kwenye daftari, waweke sahihi.

Tuje kwenye bei, mahali ambapo waandishi wengi wa mashinani hujiumiza. Tuseme unataka shilingi 40,000 mkononi kila mwezi, na gharama zako za bando, nauli, stima na kukarabati vifaa ni 10,000. Unahitaji 50,000. Mwezi una siku za kazi kama 20, lakini nusu yake itaishia kwenye kutafuta wateja, kusafiri na kufuatilia madeni, kwa hiyo siku unazoweza kumtoza mtu ni 10. Siku yako moja basi ni shilingi 5,000. Sasa ukipewa makala ya shilingi 3,000 itakayokuchukua siku tatu, unalipwa 1,000 kwa siku, na ni lazima ujue unaifanya kwa ajili ya jina. Ukipewa kijitabu cha kurasa 12 kitakachokuchukua siku sita, bei yake ni 30,000, na mteja akisema ana 15,000, usipunguze bei: punguza kazi. Mwambie kwa hiyo utamfanyia kurasa sita. Na kwenye mitandao ya kigeni hesabu makato pia. Fiverr huchukua asilimia 20 ya kila malipo, na ubadilishaji wa fedha unakula tena kabla pesa hazijatua M-Pesa.

Kila kazi iwe na maandishi, hata kama ni ujumbe wa WhatsApp uliojibiwa “nimekubali”. Ndani yake pawe na kazi yenyewe, idadi ya maneno, siku ya kuwasilisha, bei, malipo ya kwanza, idadi ya marekebisho (mawili yanatosha), na mwenye hakimiliki. Hilo la mwisho ulishike sana. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, ya mwaka 2001, inasema kazi iliyoagizwa huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Yaani ukinyamaza, umeuza kila kitu. Masimulizi uliyoandikia shirika leo yanaweza kutokea kesho kwenye kitabu chao cha kiada bila senti moja kwako. Sentensi moja inakulinda: “Mteja anapewa ruhusa ya kutumia maandishi haya kwenye kijitabu hiki na tovuti yake, haki nyingine zote zinabaki kwa mwandishi.” Mteja akitaka haki zote, sawa, lakini bei ipande.

Malipo ya kwanza, nusu au theluthi, yaingie kabla hujaanza. Mteja anayekataa kabisa kutoa chochote anakuambia mapema jinsi atakavyokuwa mwishoni. Akikwama kulipa, tuma ankara tena, kisha barua rasmi yenye siku ya mwisho. Akiendelea, ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 kushughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Huhitaji wakili, na kesi inapaswa kuamuliwa ndani ya siku 60. Uliza kwenye mahakama ya Mwingi au Kitui ni wapi pa karibu pa kuwasilisha. Wenye yale maandishi ya mwanzo ndio wanaoshinda.

Kuhusu kodi nitakuwa mfupi. Pata PIN ya KRA na ujiandikishe kwa eTIMS, kwa sababu tangu Januari 2024 kampuni na mashirika hayawezi kuhesabu malipo yako kama gharama bila ankara ya mfumo huo. Kwa mfanyabiashara mdogo inawezekana hata kwa simu kupitia *222#. Malipo yakifika shilingi 24,000 kwa mwezi, mteja wa kampuni kwa kawaida hukata asilimia 5. Omba cheti cha makato hayo kila mara, maana utayapunguza kwenye kodi yako utakapowasilisha taarifa ya mwaka kabla ya tarehe 30 Juni. Jisajili pia kwenye bima ya afya ya serikali, SHA. Hakuna mwajiri wa kukulipia hospitali.

Na akili unde? Itumie kwa kazi za kibarua: kubadilisha mahojiano yaliyorekodiwa kuwa maandishi, kukagua kama umesahau swali, kufupisha ripoti ya kurasa 80 ili ujue pa kusoma. Hakikisha kila kitu kwa macho yako, hasa Kikamba, ambacho inakikosea vibaya. Usiiachie ikuandikie. Mteja anayetaka maneno ya mashine anaweza kuyapata mwenyewe, na akigundua umemuuzia hayo kwa 5,000 kwa siku, hatarudi. Kwa upande wa vifaa, simu nzuri inayorekodi na kompyuta iliyotumika vinatosha. Stima ikikatika siku ya kuwasilisha, mhariri hatakuhurumia, kwa hiyo paneli ndogo ya sola na betri ni gharama ya kazi, iweke kwenye bei.

Wengi watakuuliza kuhusu vitabu. Viandike, lakini usivipangie kodi ya nyumba. Mrabaha hulipwa baada ya mauzo, mara nyingi mara moja kwa mwaka, na kitabu cha shule kinahitaji kupita taasisi ya mitaala, KICD, kwanza. Uliza asilimia yako inahesabiwa kwa bei ipi, ya dukani au ya baada ya punguzo. Tuzo zipo: ile iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, baadaye Safal-Cornell, imewapa nafasi waandishi wa Kiswahili wenye miswada ambayo haijachapishwa. Na kabla ya tuzo hizo alikuwapo mtu wa Ukambani aliyethubutu kuliko sisi sote. David Maillu, aliyezaliwa Kilungu mwaka 1939, mapema miaka ya 1970 alianzisha kampuni yake, Comb Books, akatoa vitabu vidogo vya bei nafuu kama My Dear Bottle na After 4.30. Wasomi walimkemea, wasomaji wakamnunua. Mwaka 1976 Tanzania ikavipiga marufuku vitabu vyake, na baadaye kampuni hiyo ikaanguka, lakini Maillu aliendelea kuandika na kuchapisha kwa miongo. Alijua msomaji wake ni nani na ana shilingi ngapi mfukoni. Wahariri wachache wanajua hilo hata leo.

Migwani yenyewe imekwisha kuingia kwenye riwaya. Mwingereza Philip Spires, aliyefundisha hapa miaka ya 1970, aliifanya kuwa mandhari ya riwaya yake Mission. Alikaa kwa muda, akaangalia, akaandika. Wewe umezaliwa hapa.

Basi usiache kazi uliyo nayo, iwe ni duka, ni shamba au ni kufundisha chekechea, mpaka wateja watatu wasiojuana wamekulipa kwa miezi sita mfululizo. Siku hiyo ikifika, acha bila woga. Kabla ya hapo, tenga saa mbili za alfajiri kila siku, na wiki hii mwandikie mhariri mmoja na afisa wa mradi mmoja.